Nani Ampishe Nani

Wanaosema nilichelewa kanisani kwa sababu ya nywele, waniache. Nywele zangu zilikuwa tayari tangu asubuhi. Nywele zilizotutia matatani ni za mama yangu, na hata hizo hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la barabara. Nitaeleza yote hapa, na mtu akiguna katikati nitaanza upya.

Mimi ni Eustadia wa Ihembe, binti wa Mzee Gaudiosus na Mama Agnetha. Hasira zangu ziko karibu, hilo nalijua, sihitaji kukumbushwa. Lakini hebu fikiria na wewe. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Padri Celestin alikuwa ameshatuambia, tena kwa ule upole wake unaotisha: "Saa nane kamili muwe kanisani Bugene. Baada yenu kuna ndoa nyingine, na baada ya hiyo nakwenda kigangoni. Mkichelewa, tutaonana baada ya Pasaka." Kwaresima hakuna harusi, kila mtu kwetu anajua. Kwa bibi harusi mwingine, kungoja Pasaka ni kununa tu na kupika upya. Kwangu mimi hapana. Mimi nilikuwa na mimba.

Aliyejua ni Novatus peke yake, kwa sababu zilizo wazi. Gauni lilikuwa limeshaanza kunibana kiunoni. Asubuhi ile zipu ilipanda kwa sala, na kwa goti la Vero, msimamizi wangu, aliyenikandamiza mgongoni huku akilalamika kwamba nimekula sana senene. Nikamwambia ndiyo, senene. Kufikia Pasaka zipu isingepanda hata tungeita kwaya nzima isukume. Na mama yangu alikuwa ametangaza kila uchochoro wa Ihembe kwamba binti yake anaolewa na shela lake na heshima zake. Ningemweka wapi mama yangu?

Sasa baba. Baba yangu alijifunza kuendesha gari katika umri ambao wenzake wanajifunza kukaa kivulini. Alinunua Noah, akajiandikisha chuo cha udereva, akakaa dawati moja na vijana wa bodaboda, akasoma kitabu cha alama za barabarani mpaka kikalegea. Mtihani wa kwanza alifeli. Alikuwa anatoka barabara ndogo kuingia kubwa, mwenye gari kwenye barabara kubwa akasimama, akampungia mkono apite, na baba kwa adabu zake akashukuru, akapita. Mtahini akamwambia asimamishe gari. "Mzee," akamwambia, "mkono wa mtu si alama ya barabarani."

Hilo neno lilimwingia. Tangu siku hiyo, umpungie, umwite, umpigie magoti, baba yangu haingii barabara kubwa mpaka iwe nyeupe kabisa. Anatazama kulia, kushoto, kulia tena. Akiona kitu chochote chenye tairi upande wa pili wa bonde, anasubiri. Tulishachelewa mazishi mawili na ubarikio kwa sababu hiyo.

Kamati ya harusi ilitaka kutafuta gari dogo jeupe lenye dereva wake. Baba akakataa. "Mtoto huyu nitampeleka mwenyewe," akasema. Mama akamwambia, "Baba Eusta, basi angalau siku moja tu uendeshe kama watu." Baba akaenda kuosha Noah.

Tuliondoka mapema, naapa. Mbele baba na mama, nyuma mimi na Vero na shela, na shela lilikuwa abiria kamili. Nyuma yetu pikapu ya mashangazi wakiimba, halafu Kosta ya ndugu wengine. Migomba ikapita, mashamba ya kahawa yakapita, vumbi likatufuata kwa heshima. Mama alikaa mbele, mgongo wima, hageuki, kwa sababu ya kichwa. Alikuwa ametoka saluni Kayanga. Walimjengea nywele kwenda juu ghorofa kwa ghorofa, na shingo yake ikawa haina kazi nyingine ila kulinda lile jengo. Alipendeza jamani, mama yangu. Nilikuwa sijawahi kumwona amependeza vile.

Tukafika pale vumbi linapokutana na lami. Bugene ilikuwa kushoto, mwendo mfupi tu. Na pale pembeni ilisimama ile pembetatu nyekundu, kichwa chini, inayokuambia upishe.

Baba akapisha.

Akapisha pikipiki yenye mikungu ya ndizi. Sawa. Akapisha gari la serikali. Sawa. Halafu barabara ikawa nyeupe kama sahani iliyooshwa, na baba akaendelea kukaa.

"Baba, pita, kweupe!" Vero akasema.

"Kuna baiskeli."

Tukatafuta baiskeli. Ilikuwepo kweli, kule juu ya kilima, na mwenyewe alikuwa anaisukuma huku akitembea. Tukamngoja. Alipotufikia akavua kofia, akatusalimia, akauliza bibi harusi ni wa nani, akaambiwa, akafurahi, akaenda zake. Barabara ikawa nyeupe tena. Baba akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akafuta usukani kwa leso.

"Baba!" nikasema.

"Eusta, barabara kubwa haina haraka."

Haina haraka! Barabara haina mimba, ndiyo maana haina haraka. Sikusema hivyo. Niliuma shela.

Ndipo tukasikia matarumbeta. Kutoka kulia, kutoka upande wa Kyerwa, ukaja msafara wa Novatus: pikapu ya wapiga tarumbeta mbele, gari la bwana harusi lenye maua, na nyuma yake ndugu zake wote wa Mabira ndani ya kila kitu chenye injini. Moyo wangu ukaruka. Nikasema, asante Mungu, wapite, na sisi tufuate nyuma yao, maana hata hivyo bwana harusi anatakiwa atangulie kanisani. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe.

Pikapu ya matarumbeta ikapita. Gari la Novatus likakaribia njia panda, likapunguza mwendo, likasimama. Palepale kwenye lami. Likawasha taa za hatari.

Hapa lazima nimweleze Novatus. Novatus ni daktari wa mifugo. Anashika fahali pembe, anatia mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani, haogopi kitu. Isipokuwa mama yangu. Kwao Mabira wameshika sana mila ile ya zamani: mwanaume hampiti mama mkwe njiani. Akimwona anakuja, anatoka njiani, anainamisha macho, mama apite kwanza. Siku aliyokuja kujitambulisha, mama alitokea na ndoo ya maji kwenye kile kijia chetu, na Novatus akaingia shambani, na suti, akazama tope mpaka kwenye soksi. Mama alimpenda tangu siku hiyo. "Huyu amefundwa," akasema.

Sasa huyo aliyefundwa alikuwa amemwona mama mkwe wake njia panda, kiti cha mbele, na jengo lake kichwani. Angempitaje?

Nikampigia simu. "Nova, pita!"

"Siwezi. Mama yuko pale."

"Yuko ndani ya gari!"

"Ndiyo, namwona. Piteni nyinyi kwanza."

"Nova, baba hawezi kupita, nyie mko barabara kubwa!"

"Sisi tumesimama."

"Tumesimama," akaiambia simu yangu mzee wa pembeni yake, ambaye alikuwa Mzee Rwegoshora, baba yake. "Mwambie mkwe wetu tumesimama, apite na mama, waitu, tafadhali."

Nikampa baba ujumbe. Baba akatikisa kichwa taratibu, kwa huzuni ya mtu anayejua sheria peke yake. "Aliyesimama anaweza kuondoka," akasema. "Swali hilo ndilo lililonifelisha."

Kwenye gari la Novatus, Mzee Rwegoshora alikuwa amenyoosha mkono dirishani, anapunga. Baba akaupa kisogo. Mkono wa mtu si alama.

Basi wazee wakashuka. Mungu wangu, wakashuka! Mzee Rwegoshora na fimbo yake, baba na funguo zake, wakakutana katikati ya lami na kuanza kusalimiana. Na sisi watu wa huku salamu si neno moja. Wakauliziana nyumba. Wakauliziana ng'ombe. Wakauliziana mvua ya Mabira na mvua ya Ihembe, kana kwamba mvua hizo si za wingu moja. Saa yangu ilikuwa mkononi mwa Vero, na Vero alikuwa ameshaanza rozari.

"Sasa mkwe wangu," Mzee Rwegoshora akasema, "piteni."

"Hapana, piteni nyinyi. Barabara ni yenu."

"Barabara si yetu. Sisi ndio tuliokuja kwenu kuomba mtoto. Leo hii kijana wangu ampite mama mkwe wake barabarani na tarumbeta juu? Watu wa Mabira watanicheka mpaka nife."

"Na mimi nikiingia mbele ya gari lililo kwenye barabara kubwa, hii leseni ni ya nini?"

"Lakini nimekuruhusu!"

"Wewe si trafiki."

"Mimi ni mkwe wako!"

"Ndiyo, na nakuheshimu. Pita."

Walikuwa wanagombana kwa kupendana, na hakuna ugomvi mgumu kumaliza kama huo. Wapiga tarumbeta, walipoona hawafuatwi, walirudi kinyumenyume na kuendelea kupiga kwa mkopo wa pumzi. Mashangazi wakashuka kwenye pikapu wakacheza. Mashangazi wa Mabira nao wakashuka, wasishindwe. Foleni ikaanza, foleni kwetu, mahali ambapo mbuzi hulala barabarani bila wasiwasi.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Hanifu, dereva wa Fuso la ndizi zinazokwenda Mwanza. Akashuka na msuli wake kiunoni, akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Hii habari ni rahisi. Mwenye mzigo ndiye anayepita. Mimi nina mzigo, nyinyi mna maua." Vijana wa bodaboda wakamcheka, wakasema anayepita ni yule ambaye pua yake imeshaingia, basi, hayo mengine ni siasa. Mama mmoja wa ndizi za kuchoma akasema anayetakiwa kupisha ni mdogo kwa umri, kwa hiyo wazee watajiane miaka. Wazee wakaanza kutajiana miaka! Ikaonekana wanatofautiana msimu mmoja wa kahawa, na hakuna aliyekumbuka ni wa nani ulitangulia.

Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, nawaambia ukweli. Vero akaninyooshea saa. Saa nane kasoro. Nikamwona Padri Celestin kichwani mwangu, anatabasamu, anasema Pasaka.

Nikafikiri haraka. Baba hatavunja sheria. Novatus hatavunja mila. Lakini mila inasema nini hasa? Inasema usimpite mama mkwe ukimwona. Kama hamwoni, je? Bibi zetu walijua hilo. Mama mkwe akikutana na mkwe wake pasipo pa kupishana, alijifunika nguo, akageuka ukutani, na kijana akapita. Hakuonwa mtu, hakuvunjwa kitu.

Nikachukua kitenge cha Vero, kile alichotandika kulinda kiti na shela. "Mama," nikasema, "jifunike kidogo tu Novatus apite."

Mama akageuka. Alinigeukia mwili mzima, kuanzia kiunoni, kwa sababu ya jengo.

"Nijifunike nini?"

"Kichwa, Mama. Dakika moja."

"Kichwa hiki?"

"Mama, tafadhali."

"Eustadia. Mimi nilifunga ndoa siku ya kazi, kwa sketi ya kuazima, baba yako na gambuti za shambani. Picha haikupigwa hata moja. Leo nimekaa saluni tangu jogoo, nimechomwa masikio yote mawili, nimefinyangwa kama chungu, halafu nifunikwe gubigubi kama mkaa kwenye baiskeli? Siku ya harusi ya mwanangu? Waambie wapite au walale hapohapo."

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma, alikuwa na haki kabisa. Kama ningekuwa na Pasaka ya kungoja, ningemwachia.

Nikajivuta mbele, shela likanaswa na mkanda, nikalivuta likachanika, potelea mbali. Nikaweka mdomo kwenye sikio lake lile lililoungua.

"Mama. Siwezi kungoja Pasaka. Gauni halitanitosha."

Hakuelewa. "Kwa nini lisikutoshe?"

Nikaweka kiganja tumboni.

Niliiona habari ikimfikia. Ilianzia machoni, ikashuka mdomoni, mdomo ukafunguka, ukafungwa. Nilisubiri kofi. Nilisubiri Yesu na Maria. Kwenye lami matarumbeta yalikuwa yanaanza wimbo uleule kwa mara nyingine. Mama akanitazama tumboni, pale zipu ilipokuwa inateseka, akamtazama Vero, ambaye sasa rozari ilikuwa imemkwama mkononi.

"Senene," Vero akasema taratibu. "Wewe Eusta. Senene!"

Mama akanyoosha mkono. "Lete hicho kitenge."

Akakishika kwa mikono miwili, akajitazama mara moja kwenye kioo cha gari, mara moja tu, kisha akajifunika. Tulisikia jengo likishuka. Ghorofa ya juu, halafu ya kati, pini zikilia moja moja. Akajikunja mpaka akawa furushi, na furushi likasema, "Mwite huyo mume wako apite."

Nikatoka kwenye gari na gauni langu. Nikasimama juu ya lami, nikapiga kelele, kelele za Ihembe, zile za kuita mtu ng'ambo ya bonde: "Mama hayupo! Mzee Rwegoshora, njoo uangalie, mama hayupo!"

Mzee Rwegoshora akaja, akachungulia dirishani. Akaliona furushi. Akalitazama sana yule mzee, na naamini alielewa, maana alivua kofia.

"Kweli," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Kuna mzigo tu. Mama ametangulia. Twendeni!"

Wee! Mashangazi walivyokimbilia magari! Novatus akapita mbele yetu, macho yameinama mpaka kwenye magoti, na hata hivyo nikamwona akilipungia furushi salamu. Furushi lilikuwa linatikisika mabega. Sikujua linalia au linacheka. Nikarudi ndani, nikalishika mkono, na lilikuwa linafanya vyote viwili.

"Msichana gani wewe," likasema. "Huna adabu hata kidogo. Una miezi mingapi?"

Msafara wa Mabira ukapita wote, gari kwa gari, mpaka ile pikipiki ya mwisho yenye keki. Baba akarudi kwenye usukani, akafunga mkanda, amefurahi kwelikweli, sheria imeshinda. Akatazama kulia.

Kulia kulikuwa na foleni. Fuso la Hanifu, nyuma yake Hiace, nyuma yake trekta, nyuma yake nusu ya wilaya ya Kyerwa, na wote sasa walikuwa wanawasha injini. Baba akazima yake.

"Baba!" tukapiga kelele mimi na Vero.

"Wako barabara kubwa," baba akasema. "Wakishapita hawa."

Nililia. Sikuficha. Nilikipiga ngumi kiti cha mbele yangu, nikasema maneno ambayo bibi harusi hasemi, na Hanifu akatia gia, Fuso likaanza kujivuta. Ndipo furushi likanyanyuka. Kitenge kikaanguka. Mama yangu alikuwa na nywele upande mmoja zimelala na upande mwingine zimesimama, wanja umefika kwenye mashavu, na pini moja ikining'inia juu ya jicho. Hakumpigia baba kelele. Alimwekea mkono begani, akasema kwa Runyambo, lugha yetu ya nyumbani, polepole, kama anavyomwambia kahawa imeiva, kwamba atakuwa babu.

Baba hakugeuka. Alikaa akitazama mbele. Akauliza, "Lini?"

"Kabla ya msimu wa kahawa kwisha, nadhani," mama akasema. "Endesha."

Jamani. Baba yangu, Mzee Gaudiosus, mwenye leseni, hakutazama kulia. Hakutazama kushoto. Aliwasha Noah ile na akaingia lami mbele ya pua ya Fuso mpaka nikaona chapa kwenye rejeta yake. Breki za Hanifu zilipiga yowe, ndizi zikashuka mbili tatu, honi ikatufuata pamoja na maneno ya Hanifu ambayo siyaandiki. Vero akaangukia shela. Mama akapiga kigelegele, na mashangazi nyuma, ambao hawakujua hata kinachosherehekewa, wakakipokea na kuingia lami nasi bila kumpisha mtu. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu. Baba alitia gia ya tatu, akatia ya nne, gia ambayo sidhani alishaitumia, na Bugene ikatujia mbio.

Tulifika Padri Celestin akiwa amesimama mlangoni, anatazama saa. Baba aliacha Noah palepale, makalio yake yakiwa barabarani, mlango wazi. Mashangazi wakanivuta, wakanipangusa, wakakunja shela upande uliochanika. Mama akapita mbele, na nywele zake za upande mmoja, kichwa juu kama vile ndivyo walivyomtengeneza saluni, na watu wote wakamgeukia, na mpiga picha akampiga picha. Ile picha iko sebuleni kwangu. Siiondoi hata kwa fedha.

Padri akaingia, kwaya ikaanza, watu wakasimama. Novatus alikuwa kule mbele, soksi safi, ananitazama. Nikamshika baba mkono. Njia ya katikati ilikuwa tupu, imetandikwa majani ya migomba na maua, kutoka mlangoni mpaka altareni.

Baba hakuenda.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Nikasema moyoni, hapana, si hapa, Mungu wangu, si humu. Kwaya ikamaliza ubeti, ikarudia uleule.

"Baba," nikamnong'oneza, "pita, kweupe."

"Naona," akasema.

"Sasa?"

Akafuta uso kwa ile leso ya usukani. "Hata kule barabarani niliona, Eusta. Palikuwa peupe mara nyingi. Nilitaka tu tukae kidogo."

Mimi ni mtu wa hasira, nimeshasema. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpa baba yangu baada ya harusi, maneno mengi, yamepangwa. Yote yakaniishia palepale. Nikamshika mkono vizuri zaidi.

"Basi tukae kidogo, Baba," nikasema.

Tukakaa. Kwaya ikarudia ubeti mara ya tatu, Padri Celestin akakohoa, Novatus akaanza kutoka jasho, watu wakageuza shingo. Sisi tukasimama tu pale mlangoni, mimi na yeye, hatupishi mtu na hatupishwi. Na huko nje, nyuma ya migongo yetu, Fuso lililokuta makalio ya Noah barabarani likapiga honi ndefu, na Hanifu akapaza sauti kwamba kama wenyewe hawatoki, naye anaingia kanisani na msuli wake.

Baba akaanza kucheka, machozi bado yako shavuni.

"Huyo sasa ana haki," akasema, na tukaingia.